Ndoo ya Papa Dieudonné na Wakanada wa Vimy

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba zile njia za chini kwa chini ambazo jeshi la Kanada lilizitumia kuuteka mlima wa Vimy, kule Ufaransa, zilichimbwa na mabiva. Kama humjui biva, fikiria buku aliyelelewa na tajiri: mnene, manyoya ya kung'aa, meno ya mbele kama patasi, mkia bapa kama mwiko wa ugali. Kanada wamejaa tele. Wanakata miti kwa meno na kujenga mabwawa mitoni, na hilo ni kweli, unaweza kuliona kwenye televisheni. Kutoka hapo hadi kuchimba chini ya miguu ya Wajerumani, mimi niliona ni hatua ndogo sana.

Aliyeniambia ni Papa Dieudonné, mlinzi wetu wa mlangoni pale makumbusho, mtu wa Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, ambako watu huzaliwa na sururu mkononi. Mnajua ushahidi wa kwetu ulivyo. Mtu akiwa na binamu katika nchi fulani, basi yeye ndiye balozi wa nchi hiyo, na neno lake halipingwi. Dieudonné alikuwa na binamu Montréal.

"Abdi, ndugu yangu," aliniambia tukinywa chai, "cousin yangu iko Montréal. Ye mwenyewe alionaka. Bale banyama banachimbaka kuliko tingatinga!"

"Na jeshi la Kanada liliwatumia kweli?"

"Sasa wewe unawaza nani alichimba? Basoda ba jeshi wenyewe? Na ile baridi? Non, non, non."

Nikaridhika. Mtu angesema nini mbele ya binamu wa Montréal?

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnaowaongoza wageni pale makumbusho mmeniomba niandike niliyoyaona. Nimeamua kuandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mnakielewa, hata kama yule mwenzenu, binti wa Dieudonné, atanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Sawa tu, asome kwanza. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyote viwili vilinipita vikikimbia, na sikuwahi hata kuvisoma namba.

Nilianza mwaka 2001, mwanzoni mwa baridi. Makumbusho yetu, mnajua, ni lile jengo la shule ya zamani nyuma ya barabara ya maduka ya Erdington, hapa Birmingham, dogo kiasi kwamba mtu mrefu akipiga chafya chumba cha kwanza, mgeni wa chumba cha mwisho humwombea afya. Siku ya kwanza nilivaa suti niliyofungia ndoa. Nilikuwa nimetoka Garissa nikapita Uholanzi, ambako niliosha sahani zote za nchi ile, na nilidhani kazi ya makumbusho ni kusimama karibu na kitu cha thamani na kukunja uso.

Bi Maureen, mkuu wetu, alinitazama kuanzia tai hadi viatu. Alikuwa mwanamke mfupi wa Birmingham halisi, aliyemwita kila mtu "bab", yaani mpenzi, hata mkaguzi wa moto, hata diwani.

"Umependeza, bab," akasema, akanipa ndoo. "Tope limekauka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza: kuchanganya tope. Handaki letu la maonyesho, lile la Vita vya Kwanza vya Dunia, lilijengwa kwa mbao na magunia ya mchanga, na tope lake lilipikwa jikoni kwa wafanyakazi. Mnalirithi sasa, kwa hiyo shikeni hapa: unga wa mbao, gundi ya seremala, rangi ya kahawia, na majani ya chai yaliyokwisha kunywewa. Majani ya chai ndiyo siri ya mng'ao. Asubuhi unalinyunyizia maji kabla ya wageni kuingia. Mvua ya Birmingham ingefanya kazi hiyo bila kuombwa, ila kwa bahati mbaya paa lilikuwa zima. Msizidishe gundi. Mara moja niliizidisha, na mwalimu mmoja akaondoka na kiatu kimoja. Kiatu cha pili kilibaki kwenye maonyesho karibu wiki mbili, na wageni walikisifu kwa uhalisia wake.

Wanajeshi wetu walikuwa sanamu za dukani, zilizotoka kwenye duka la nguo lililofungwa. Wanne walikuwa wanaume. Wa tano alikuwa mwanamke tuliyembandika masharubu, na kwa kuwa alitengenezwa kuonyesha magauni, alisimama mkono kiunoni, kiuno kimekwenda upande, akiuangalia upande wa adui kama anayengoja teksi iliyochelewa. Tulimpa usajenti. Hakuna aliyelalamika, na sajenti mwenyewe alionekana kuridhika kuliko sote.

Bi Maureen ndiye aliyenifundisha kazi. Hakupenda maneno. Alisema mtoto ukimwambia "fikiria uzito wa mzigo wa askari" atafikiria chakula cha mchana, lakini ukimtwika mzigo wenyewe, atafikiria askari. Kwa hiyo tuliwatwika. Tuliwapa kofia ya chuma waivae, sepetu waishike, soksi mbichi waivae kwa dakika chache waone miguu inavyolalamika. Na alikuwa na amri moja: "Mgeni akikuuliza usilolijua, sema hujui, kisha mpe kitu akishike." Mimi ile nusu ya pili niliifuata kwa uaminifu mkubwa.

Nilipoona kwamba kuongea ni kutamu kuliko kukoroga, nilijiandikisha masomo ya jioni Selly Oak. Natoka kazini, napanda treni pale Erdington, nashuka katikati ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaovaa kaptula kwenye barafu, naingia darasani nikinuka gundi. Nilisoma mpaka taa za Selly Oak zikaomba likizo. Nilisoma mpaka yule mwalimu wa historia akaanza kuniuliza mimi kama kipindi kimekwisha. Cheti ninacho, kiko ukutani, mke wangu amekiweka juu kuliko picha ya ndoa. Lakini kuhusu Wakanada kitabu kilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na nusu yenyewe ilikuwa ramani. Mapengo niliyajaza kwa msaada wa ubalozi, yaani Dieudonné. Namshukuru Mungu kwamba kwenye mtihani sikuulizwa nani alichimba Vimy.

Kwa nini Wakanada? Kwa sababu ya makoti. Sanamu zetu zilivikwa makoti ya Kikanada aliyotuachia jirani mmoja wa makumbusho, na Bi Maureen alisema koti likiwa la Kanada hadithi nayo iwe ya Kanada. Basi nikaisimulia, mara elfu kumi ukiniuliza mimi, mara mia chache ukimwuliza Bi Maureen.

Nilianzia Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, Wakanada wakiwa wageni kabisa vitani, wakati Wajerumani walipofungulia gesi ya klorini. Wingu la kijani-manjano linatambaa chini kama paka. Wanaume wale walishikilia mstari wakiwa na vitambaa vilivyolowana mdomoni. Vimelowana nini? Hapo watoto wote wa Birmingham hunyamaza. Mkojo. Naam, mkojo wao wenyewe, kwa sababu maji yalikuwa adimu na mtu alisema ule unafaa zaidi. Sikuwahi kukosa makofi kwenye mkojo. Kisha nikawapeleka Somme, kijiji cha Courcelette, mwaka uliofuata, vifaru vikitokea vitani kwa mara ya kwanza, vizito, vinavyoharibika, vinavyotembea polepole kuliko basi la Acocks Green siku ya Jumapili. Mwisho kabisa ilikuwa Passchendaele, tope. Tope lililomeza nyumbu na mzigo wake, lililommeza mtu aliyeteleza kwenye mbao. Hapo nilishusha sauti, na hapo sikuongeza chumvi, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuiongeza.

Lakini katikati, kabla ya Passchendaele, ilikuwa Vimy, na Vimy ndiyo ilikuwa harusi yangu. Aprili 1917, Jumatatu ya Pasaka, theluji na upepo. Mlima ule ulikuwa umewashinda wengine. Wakanada wakaufanyia mazoezi. Nyuma ya mstari wa vita walitandika tepe nyeupe ardhini kuonyesha kila handaki la Wajerumani lilipo, na wakatembea juu yake, mara kwa mara, siku kwa siku, askari wa kawaida kabisa akiwa na ramani mkononi. Na mizinga yao ilipigwa kama ukuta unaosogea: unaanguka mbele yako, unasogea kidogo, nawe unaufuata. Ukichelewa, Mjerumani ameinua kichwa. Ukiharakisha, umepigwa na mizinga yenu wenyewe. Na usiku wa kuamkia siku ile, wengi wao walingoja ndani ya njia za chini kwa chini, ndani ya mwamba wa chaki. Hapo ndipo mabiva wangu walipoingia jukwaani. Nilikuwa nawaigiza, meno na mkia. Bi Maureen alikuwa daima ofisini wakati huo, na walimu, sijui kwa nini, waliandika tu kwenye madaftari yao na kunishukuru.

Sasa niwaeleze siku ninayoikumbuka kuliko zote. Ilikuwa mwaka 2007, majuma machache kabla ya Pasaka. Aliingia mama mmoja wa Kanada, Bi Edith, miaka themanini na zaidi, mwembamba, mkongojo mkononi, kofia ya sufu. Nyuma yake mwanawe, Bwana Gordon, mtu mzima mwenye nywele nyeupe na uso wa kuomba radhi kabla ya kukosea. Walikuwa wamefikia kwa ndugu yao Acocks Green, na baadaye walikuwa waende Ufaransa, Vimy, kwenye kumbukumbu ya miaka tisini. Baba yake Bi Edith alikuwa mmoja wa wale waliongoja ndani ya mwamba usiku ule. Alirudi hai, akalima ngano, akamwambia bintiye jambo moja tu kuhusu vita: kwamba alikaa ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa chaki, na ukuta ulikuwa baridi, na alishukuru kwamba upo. Bi Edith alitaka kuugusa ukuta huo. Hakutaka kingine duniani.

"Watu wanashushwa kidogo na mwongozaji," alinieleza. "Ni njia nyembamba, na kuna ngazi."

"Naye hatashuka," akasema Bwana Gordon. "Daktari amemwambia habari za goti lake. Mama atangoja juu, kwenye basi, na mimi nitampigia picha ukuta."

"Gordon, nimengoja juu maisha yangu yote."

"Mama, huko chini kunateleza."

"Na huku juu je? Unafikiri Birmingham haitelezi?"

Walibishana hivyo, kwa adabu kubwa, kila mmoja akisema samahani kabla ya kumkata mwenzake. Ugomvi wa Kikanada unahitaji muda. Mwishoni Bwana Gordon akatoa sharti: kama mama angeweza kutembea mwendo kama wa njia ile, bila kusimama, bila kushikwa, akimfuata mwongozaji kwa kasi yake, angeshuka. La sivyo, basi la watalii na thermos ya chai. Akasema hivyo akijua jibu. Nilimwona Bi Edith akiangalia goti lake kana kwamba goti ni mtu aliyemsengenya.

Hapo ndipo damu yangu ya masomo ya jioni ilipochemka. Nikasema, "Mama, njoo kesho na viatu vizuri. Tutafanya kama walivyofanya wao."

Kesho yake nilitandika tepe nyeupe uwanjani, pale tunapoegesha magari. Mistari miwili, upana wa viwiko, na kona moja. Bi Maureen alitoka, akatazama tepe yote ya maonyesho ikiwa chini, akatazama mvua ikianza, akasema, "Sitauliza, bab," akarudi ndani. Lakini niliona pazia la ofisi yake halikufungwa tena.

Mwongozaji na mizinga vilikuwa kitu kimoja: Papa Dieudonné, ndoo ya tope, na mpini wa ufagio. Atatangulia akiipiga ndoo, na Bi Edith atamfuata, karibu kiasi cha kusikia vizuri, mbali kiasi cha kutopigwa na mpini. Dieudonné alikubali kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba alikuwa hajawahi kutembea polepole maishani mwake. Mara ya kwanza aliondoka kama anayekimbiza basi, ndoo inalia, hadi akafika langoni akamshambulia mtu wa posta, ambaye aliangusha barua na kuinua mikono juu.

"Papa!" nilipiga kelele. "Umevuka mlima mzima! Umefika Ujerumani!"

"Sasa si batu ya Kanada balishinda? Mimi ninawashindisha haraka!"

"Rudi!"

Mara ya pili alitembea polepole kiasi kwamba Bi Edith alimfikia na kumchoma mgongoni kwa mkongojo.

"Abdi! Bibi ananichoma!"

"Mwambie aongeze mwendo," akasema Bi Edith. Nikamtafsiria, kwa heshima kidogo zaidi.

Mara ya tatu mvua ilikuwa imekaza. Bwana Gordon alishika mwavuli na akasema inatosha, tufanye siku nyingine, mama atapata mafua.

"Siku ile ilikuwa theluji," akasema Bi Edith, akaingia kati ya tepe.

Walianza. Du. Du. Du. Dieudonné sasa alikuwa ameupata mwendo, na yeye akiipata midundo ni mtu mwingine, mabega yake yalianza kucheza kidogo. Sajenti wetu mwenye masharubu alikuwa dirishani kwa sababu nilikuwa nimemsogeza kukausha tope, na naapa, kiuno chake kilifuata. Bi Edith alikwenda vizuri, mkongojo, mguu, mkongojo, mguu, akapita kona. Kisha goti likamgeuka. Alikwenda upande, akasimama, mkono mmoja hewani, unatafuta ukuta ambao haukuwepo, kwa sababu ukuta ulikuwa tepe.

Bwana Gordon aliacha mwavuli ukaenda na upepo, akapiga hatua.

"Usivuke tepe, Gordon."

Alisimama pale pale, ncha za viatu zikigusa mstari mweupe. Mikono yake ilikuwa imenyooka mbele yake kama anayetaka kupokea mtoto. Nilimtazama mama, nikamtazama mwana. Kuna jambo moja nililolijua kuhusu mizinga ya Vimy: ukuta ule ulikuwa na wakati wake wa kutulia mahali pamoja, ili watu waufikie.

"Papa," nilisema kwa sauti ya chini, "piga hapo hapo. Usisogee. Polepole."

Dieudonné hakugeuka nyuma. Alisimama kwenye mvua, akaipiga ndoo taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa chumba chenye mgonjwa. Du. Du. Akaipiga muda mrefu. Bi Edith alivuta pumzi, akaunyoosha mguu, akaukanyagia, akaujaribu tena. Kisha akatikisa mkongojo kuelekea ndoo.

"Haya," akasema. "Asogee."

Dieudonné akasogea, na Bi Edith akamfuata, hadi mwisho wa tepe. Mtu wa posta alipiga makofi. Alikuwa amebaki.

Bwana Gordon alimwendea mama yake, sasa akivuka tepe kwa kuwa mama alikuwa amemaliza, akachukua mkongojo, akapangusa tope kwenye ncha yake kwa leso yake nyeupe, polepole, pande zote. Akamrudishia.

"Nitakuwa nyuma yako," akasema. "Sitakugusa. Lakini nitakuwa nyuma yako."

"Utainama," akamjibu. "Wewe ni mrefu. Babu yako alikuwa mfupi."

Tuliwapa chai. Bi Maureen mwenyewe aliipika, na alitoa zile biskuti anazozificha nyuma ya faili za bima, jambo ambalo halikutokea tena hadi nikastaafu. Halafu tukawasindikiza hadi kwenye gari. Nilikuwa na furaha ya kuweza kubeba gari lenyewe hadi Acocks Green kwa mkono mmoja. Ndiyo maana sikuweza kufunga mdomo. Bi Edith alipokwisha kukaa, nikainama dirishani.

"Mama, ukifika huko chini, upapase ukuta vizuri. Nimesoma kwamba bado zipo alama za meno."

"Meno ya nani?"

"Ya mabiva."

Nikamweleza yote, mkia, patasi, binamu wa Montréal. Bwana Gordon aliuangalia usukani kwa makini sana. Dieudonné alikuwa amesimama nyuma yangu, na niliposikia chuma kikigongana na jino nikajua ameinua ndoo kuuficha uso wake.

Bi Edith alinisikiliza hadi mwisho. Akanishika mkono, nao mkono wake ulikuwa bado umelowa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Zilichimbwa na watu. Wengi walikuwa wachimba migodi wa Kiingereza, watu wa huku kwenu. Baba yangu alipita tu."